Mwalimu wa Hesabu wa Same

Najua nimeadimika, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Tanga, ile Tanga ya waja leo warudi leo, na safari hii nimerudi na deni. Deni lenyewe ni la mtu aliyefariki Marekani tarehe 25 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 86. Wengi wetu siku ile tuliendelea na shughuli zetu, hatukujua kwamba na sisi tumefiwa. Jina lake ni Bob Moses.

Hebu tuanzie barabarani. Ukipanda basi la Moshi asubuhi pale Tanga, unapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Milima ya Usambara inakusindikiza kulia, halafu unaingia kwenye joto la Hedaru na Makanya, na mbele kidogo unafika Same. Hapo basi linasimama, watu wanachuchumaa nyuma ya vibanda, wauza maji na mayai ya kuchemsha wanagonga vioo. Najua Same iko Mkoa wa Kilimanjaro na wenyewe ni Wapare, msinirushie mawe. Lakini reli ile waliyoianza Wajerumani Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, ilitufanya majirani wa mstari mmoja. Mtu wa Same akitaka bahari, bahari yake ni Tanga.

Nimepita Same mara nyingi mno. Sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kati ya mwaka 1969 na 1976 mji ule ulikuwa na mwalimu wa hesabu, Mmarekani mweusi, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye miaka mitano tu kabla ya kufika hapo alikuwa miongoni mwa watu waliowindwa sana katika jimbo la Mississippi. Tunamjua Martin Luther King. Malcolm X tunajivunia kwamba alikuja Dar es Salaam mwezi Oktoba 1964 na akaonana na Mwalimu Nyerere. Lakini huyu aliyekaa na sisi miaka saba, akawafundisha kaka na dada zetu kutafuta x, hatuna habari naye.

Nami nilimsikia nikiwa mtu mzima, na nilipoanza kumsoma nikagundua kwamba kilichonishika hasa ni yale aliyoyaamini. Matendo yake ni makubwa, lakini yote yanatoka kwenye imani chache ambazo hakuzibadilisha tangu akiwa kijana mpaka anaingia kaburini. Leo nataka tuzitazame.

KIJANA WA HARLEM

Robert Parris Moses alizaliwa Harlem, New York, tarehe 23 Januari 1935. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa usafi na ulinzi wa jengo. Mtoto alikuwa na kichwa: alisoma Hamilton College, akachukua shahada ya uzamili ya falsafa Harvard mwaka 1957. Mama yake alipofariki na baba yake akaugua, aliacha masomo ya udaktari, akarudi New York kufundisha hesabu. Angeweza kuishia hapo, mwalimu mwenye mshahara na suti safi.

Mwaka 1960 akaona gazetini picha za wanafunzi weusi waliokaa kwenye kaunta za wazungu tu kule Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka. Alikuja kusimulia kwamba kilichomgusa ni sura zao. Hazikuwa sura za watu wanaoomba. Akafunga safari kwenda Kusini, na huko akakutana na mama mmoja aitwaye Ella Baker.

Huyu Ella Baker tumkumbuke, maana ndiye mwalimu wa mwalimu wetu. Ndiye aliyewaita wanafunzi mwezi Aprili 1960, wakaanzisha kamati ya kuratibu harakati za wanafunzi bila mabavu, iliyojulikana kwa kifupi SNCC. Mama Baker alikuwa haamini katika kiongozi mmoja mkubwa wa kuhutubia huku wengine wote wakipiga makofi. Aliamini kwamba watu wenyewe wakiwa imara, hawahitaji mtu wa kuwabeba mgongoni. Kazi ya msomi ni kukaa nao, kuwasikiliza, na kuwasaidia wajitambue. Bob aliyameza haya, akaenda nayo Mississippi.

KURA NA KITABU

Mississippi ya wakati ule, wasomaji wangu, ilikuwa na weusi karibu nusu ya watu wake, na weusi walioandikishwa kupiga kura walikuwa chini ya asilimia 7 ya waliostahili. Walizuiwaje? Kwa risasi na kwa viboko, ndiyo. Lakini pia kwa karatasi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1890 ilidai kwamba anayetaka kujiandikisha aweze kusoma kifungu cha katiba au kukieleza, na sheria za miaka ya 1950 zikakaza zaidi. Anayesahihisha ni karani mzungu. Karani akipenda, profesa mweusi anafeli na mzungu asiyejua kusoma anafaulu.

Agosti 1961, Bob aliwasindikiza wakulima kwenda kujiandikisha katika mji uitwao Liberty. Jina hilo maana yake ni Uhuru, na hapo ndipo alipopigwa kichwani kwa mpini wa kisu na binamu wa sherifu, damu ikamlowesha shati. Akashonwa. Halafu akafanya jambo ambalo mtu mweusi hakuwa akilifanya pale: akaenda kumshitaki aliyempiga. Wazee wa baraza, wazungu watupu, wakamwachia huru mshitakiwa. Mwezi uliofuata Herbert Lee, mkulima mweusi aliyekuwa akiwasaidia, akapigwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo. Shahidi wa mauaji yale, Louis Allen, naye akauawa Januari 1964.

Mwaka 1963 Bob alisimama mahakamani, na jaji akamwuliza kwa nini anawaandikisha watu wasiojua kusoma. Jibu lake ndilo msingi wa yote aliyoyaamini baadaye. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba nchi haiwezi kumnyima mtu shule, halafu ikageuka na kumnyima kura kwa sababu hakwenda shule.

Nilipolisoma jibu hilo niliweka kitabu chini, nikamkumbuka marehemu bibi yangu wa Makorora.

Maana na sisi tulikuwa na Mississippi yetu. Septemba 1958 Tanganyika ilipofanya uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na Jimbo la Tanga likiwa katika kundi la mwanzo, si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilikubidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Juu ya hapo, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. TANU iligawanyika mpaka mkutano wa Tabora wa Januari mwaka ule ulipoamua kuingia hivyo hivyo, uamuzi ulioitwa wa busara.

Bibi yangu alikuwa mwanachama. Alikuwa akishona ukili na kuuza vitumbua, na pauni 150 hakuwahi kuziona zimekaa pamoja. Alikuwa akituambia: "Sisi wanawake tulijaza mikutano, tulichanga, tuliimba. Siku ya kura wakaenda wenye vyeti." Hakusema kwa uchungu, alisema huku anacheka. Sasa najiuliza, shule ya darasa la nane ya msichana wa Kiislamu wa Tanga mwaka 1930 na kitu ilikuwa wapi? Mkoloni yule yule aliyekuwa hakuijenga ndiye aliyekuja kudai cheti chake.

Na jambo hili halikuwa la kufanana kwa bahati. Harakati zile zilikuwa zinatutazama. Katika maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 1963, John Lewis wa SNCC alisimama akasema kwamba "mtu mmoja, kura moja" ni kilio cha Afrika, na kwamba ni chao pia. Kwa hiyo kabla Bob Moses hajaja Same, maneno yetu yalikuwa yameshafika Mississippi.

MUSA ANAYEKATAA FIMBO

Imani yake ya pili inahusu uongozi, na hapa ndipo anapotuchanganya sisi tuliozoea waheshimiwa.

Mwaka 1964 Bob ndiye aliyekuwa kichwa cha kile kilichoitwa Kiangazi cha Uhuru. Vijana wapatao 1,000 kutoka vyuo vya Kaskazini, wengi wao wazungu, waliletwa Mississippi kusaidia kuandikisha wapiga kura na kufundisha katika Shule za Uhuru zaidi ya 40. Hesabu yake ilikuwa ya kikatili na aliijua: weusi wakiuawa nchi inalala, watoto wa wazungu wakiwa hatarini nchi itaamka. Tarehe 21 Juni wakauawa vijana watatu: James Chaney, mweusi wa hapo hapo, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, wazungu wa New York. Serikali ikapeleka wanajeshi kuwatafuta mitoni na kwenye vinamasi. Katika kutafuta wakakuta miili ya watu weusi ambao hakuna aliyekuwa amewatafuta.

Agosti ile wakaenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, wakiwa na chama chao cha watu wa chini. Mmoja wa wasemaji wao alikuwa Fannie Lou Hamer, mama wa mashamba ya pamba, aliyeeleza mbele ya televisheni jinsi alivyopigwa jela. Walidai viti vyote vya Mississippi, wakapewa viti viwili, tena na watu wa kukalia wamekwisha kuchaguliwa na wakubwa. Wakakataa. Kwa Bob, lile la kuchaguliwa na wengine nani akuwakilishe lilikuwa ndilo tusi lenyewe.

Mwezi uliofuata yeye na wenzake kumi, Mama Hamer akiwemo, walikwenda Guinea kwa msaada wa mwanamuziki Harry Belafonte. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuona nchi ambayo rais, rubani na polisi wote ni weusi.

Aliporudi akakuta amekuwa mtu wa kuabudiwa. Fikiria: anaitwa Moses, yaani Musa, na yuko kati ya watu wa kanisa wanaoimba kila Jumapili habari za kuvushwa bahari. Akiongea kwa sauti ndogo, chumba kizima kinanyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1965 akatangaza kwamba haitwi Moses tena, anatumia jina lake la kati, Parris. Akaacha na uongozi.

Wapo wanaoona alikosea, na hoja yao ina uzito. Mtu mwenye kipaji akijitoa, kiti hakibaki wazi. Kinakaliwa na mwingine, na huyo huenda hana unyenyekevu wake. SNCC yenyewe haikudumu miaka mingi baada ya hapo. Mimi pia sina hakika kwamba kujitoa ndiyo dawa kila mara. Lakini nikitazama nchi zetu hizi, ambapo mtu akiombwa aendelee kidogo tu anaendelea miaka thelathini, nasema tungepata watatu wanne wenye ugonjwa wa Bob Moses tungepona.

KUJA KWETU

Halafu Vietnam ikaingilia. Bob alikuwa miongoni mwa wa mwanzo katika harakati zile kuipinga vita waziwazi. Mwaka 1966 ikamjia barua ya kuitwa jeshini, ingawa alikuwa na miaka 31, na umri wa kuitwa ulikuwa ukiishia 26. Hakusubiri maelezo. Akakimbilia Canada, akaishi Montreal kwa vibarua, na mwaka 1969 yeye na mkewe Janet, naye mwanaharakati wa SNCC, wakaja Tanzania. Wizara ikampangia kufundisha hesabu Same.

Tanzania ya 1969 ilikuwa inawaka. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili, na Elimu ya Kujitegemea nayo hivyo hivyo. Weusi wa Marekani walikuwa wanamiminika: Robert Williams alipitia, Charlie Cobb akaishi Dar, Pete O'Neal wa Black Panther akaja mwaka 1972 na mkewe Charlotte, wakafanya makao karibu na Arusha. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ukafanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyetaka hadhira, jukwaa na maikrofoni alikuwa na vyote Dar.

Bob akakaa Same anasahihisha madaftari. Watoto wao wakapata majina ambayo hayahitaji tafsiri kwetu: Maisha, Tabasamu, Malaika.

Naona hapa palikuwa na makutano ya kweli kati yake na Mwalimu. Elimu ya Kujitegemea ilililaumu lile darasa linalomtoa mtoto kijijini na kumfundisha kuwadharau wazazi wake. Bob naye alikuwa amekaa vibarazani kwa wakulima wa Mississippi miaka minne akijifunza kwao. Wote wawili walikuwa wakilia jambo moja: elimu isiwe ngazi ya mtu mmoja kutoroka.

Lakini tusifiche na tofauti. Miaka ile ile, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya wakulima wetu walihamishiwa vijijini kwa amri, wengine kwa malori, na nyumba zao za zamani zikabomolewa au kuchomwa wasirudi. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Njia ilikuwa amri kutoka juu. Ukiishika imani ya Mama Baker na Bob, kwamba watu lazima wadai wenyewe na waamue wenyewe, huwezi kuisifu njia ile, hata ukimpenda Mwalimu kama ninavyompenda. Shule iliyojengwa na aliyekuchomea nyumba inabaki ni shule. Ila mzazi anaingia humo akiwa ameshajifunza kunyamaza.

MSTARI WA NAMBA

Mwaka 1976 familia ikarudi Marekani, Bob akaendelea na udaktari wake Harvard. Mwaka 1982 bintiye Maisha akafika darasa la nane katika shule moja ya Cambridge, na pale hawakuwa wakifundisha aljebra. Mwalimu wa darasa akamwomba baba mtu aje awafundishe Maisha na wenzake wachache. Mwaka huo huo alikuwa amepata tuzo ya fedha ya MacArthur, ya kumwezesha mtu kufanya anachotaka. Akachagua hicho. Ndivyo ulivyozaliwa Mradi wa Aljebra, ambao baadaye ulifika hadi Mississippi kule kule alikoshonwa kichwa.

Kwa nini aljebra? Imani yake ya tatu ni hii: miaka ya 1960 mtu asiye na kura hakuwa raia kamili, na zama za kompyuta mtu asiyejua hesabu hatakuwa raia kamili. Atakuwa kibarua wa zama mpya, anayetegemea wengine wamhesabie. Kwa hiyo hesabu ni haki ya kiraia. Ameyaeleza katika kitabu alichoandika pamoja na Charlie Cobb mwaka 2001, Radical Equations.

Na njia yake ilikuwa ile ile ya Mississippi: anza na watu pale walipo. Aliwapandisha watoto treni ya chini ya ardhi, kisha wakaichora safari, wakaisimulia kwa lugha yao ya kila siku, wakaipanga lugha hiyo vizuri zaidi, na mwisho kabisa ndipo wakaweka alama. Kituo kimoja kinakuwa sifuri. Ukienda huku ni chanya, ukienda kule ni hasi. Mtoto anagundua kwamba hesabu ina maswali mawili, ni ngapi na ni upande upi.

Niliposoma hapo nilitamani kulia. Mimi ni mtoto wa Ngamiani! Sisi mitaa yetu haina majina ya mashujaa, ina namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi huko. Tumezaliwa ndani ya mstari wa namba. Simama barabara ya kumi, nenda ya kumi na nne, ni chanya nne. Rudi mpaka ya saba, umefanya hasi saba, na tangu ulipoanzia uko hasi tatu. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku kwa baiskeli, nimetumwa mafuta ya taa, na bado kidato cha pili mwalimu mmoja alipoandika −7 ubaoni kwa Kiingereza nisichokijua, nilidhani ni uchawi. Akatuambia hesabu si ya kila mtu. Nikamwamini. Kidato cha nne nikapata F, nikakimbilia uandishi wa habari.

Na siko peke yangu. Kwa miaka mingi mfululizo, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini wamekuwa wakifeli Hisabati. Zaidi ya nusu! Watoto wetu wanarushwa moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho, ile ya alama, tena kwa lugha ya kigeni, halafu tunasema hawana akili.

ALIYE NA DAFTARI

Sasa deni langu.

Miezi michache iliyopita nilikuwa kijiji kimoja nje ya mji wa Tanga, naandika habari za fidia ya mashamba. Sitataja mradi. Bi mkubwa mmoja akaniita barazani, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nipigie hesabu, hii ni sawa?" Karatasi ilisema shamba lake ni meta za mraba 6,070, bei ni shilingi 2,000,000 kwa ekari, jumla 2,000,000.

Niliikodolea macho. Mimi, mwenye kalamu na kitambulisho cha uandishi. Meta za mraba na ekari zinakutana wapi? Nikaanza kusema inaonekana sawa. Mjukuu wake, kidato cha pili, aliyekuwa akimenya muhogo, akasema: "Bibi, ekari moja ni meta za mraba kama 4,047. Hili ni ekari moja na nusu. Wamekupunja milioni." Akaandika nyuma ya daftari, mistari mitatu.

Nilimsindikiza yule mama ofisini. Karani akapiga kikokotoo mara mbili, akasema karatasi itarudi kurekebishwa. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mama alisimama tu na ukurasa wa daftari mkononi, na ukurasa ule ulikuwa na nguvu kuliko kitambulisho changu.

Njiani nilikuwa nawaza mkonge. Tanga hii ilijengwa na watu walioitwa manamba, wakatwaji waliokuja kutoka mbali na kuandikwa namba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku isipotiwa alama haikuwepo. Aliyetia alama ni karani au nyapara. Mississippi nako mkulima wa pamba alikwenda kwa mwenye shamba mwisho wa msimu, daftari likafunguliwa, akaambiwa mwaka huu pia unadaiwa. Bahari mbili tofauti, daftari moja. Aliyeshika hesabu ndiye aliyeshika maisha yako. Bob Moses alitaka watu waliokuwa wakiitwa namba wazijue namba.

Kuna atakayeniambia: wewe bwana, aljebra haimzuii mwenye bunduki. Kweli. Herbert Lee hakuuawa kwa kukosa hesabu. Na mtoto anaweza kufaulu Hisabati vizuri akaja kuwa yeye ndiye karani wa kupunja. Bob alilijua hilo, ndiyo maana hakutenganisha hesabu na jambo la kwanza kabisa: mtu kusimama na kudai. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965 haikuletwa na wanasheria peke yao. Miaka mingi wakubwa walikuwa wakisema wakulima weusi hawataki kura, hawajali. Siku walipopanga foleni mbele ya ofisi ya karani huku wanatishwa, uongo ule ukafa. Aliamini vivyo hivyo kuhusu watoto: watasemwa hawataki kusoma mpaka siku watakapodai wenyewe kufundishwa.

Basi mimi nimeanza. Nimenunua kitabu cha Hisabati cha kidato cha kwanza, na kila Jumamosi napiga simu kwa yule kijana wa muhogo ananisahihisha. Ananicheka. Nimefika kwenye namba hasi, na safari hii naanzia barabara ya kumi.

Na ombi langu kwenu ni moja. Kama mzazi wako, mjomba wako au babu yako alisoma Same kati ya 1969 na 1976, mwulize kama anamkumbuka mwalimu mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa akiongea polepole. Mwulize alimfundisha nini na alikuwa akifundishaje. Kaandike, kabla nao hawajaondoka. Miaka saba mtu amekaa na sisi, hatuwezi kukosa hata kurasa mbili za kumkumbuka.